Mkorogo hauzibi mashimo ya chunusi

Mkorogo wa "kuondoa makovu" huuzwa kwenye kikopo cheupe kisicho na jina la kiwanda wala orodha ya viambato. Ndani yake mara nyingi kuna haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Uso hung'aa wiki chache, kisha ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, na chunusi hurudi kwa kishindo, kwa sababu steroidi yenyewe huzizalisha. Biashara hii inaumiza vijana, na imevumiliwa mno.

Wengi wanaoukimbilia mkorogo hawana makovu hata kidogo. Wana madoa meusi, ambayo kwa kawaida hufifia ndani ya miezi kadhaa, hasa wakijikinga na jua na kutumia asidi ya azelaiki au adapalini.

Shimo ni jambo jingine. Kolajeni imeharibika chini ya ngozi, na hakuna krimu ya kulijaza. Daktari anaweza kutumia sindano ndogondogo zinazochochea ngozi ijijenge, kukata nyuzi zinazoivuta chini, au kudondoshea asidi ndani ya shimo. Leza nayo ipo, lakini kwenye ngozi nyeusi inahitaji mkono mzoefu. Ikikosewa huacha madoa mapya. Kovu lililovimba huchomwa sindano ya steroidi, safari hii kwa kipimo cha daktari.

Kazi hii inahitaji wataalamu, na kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwaandaa tangu 1992. Serikali iwasambaze hadi wilayani. Na mwenye chunusi leo asizitumbue, atibiwe mapema.