Kengele ya Mwivi Isiyonyamazishwa

Safari hii, wasomaji wetu wapenzi, twataka kuzungumza nanyi juu ya kengele za wevi. Zamani vyombo hivi vilikuwa vya mabenki na maduka ya masonara. Leo vyauzwa madukani kama ziuzwavyo pasi na feni, na watu wengi wa kawaida wameviweka majumbani mwao. Lakini mnunuzi afikapo dukani aghalabu huuliza mawili tu: bei yake ni kiasi gani, na je, mlio wake ni mkubwa? Maswali hayo si mabaya. Lakini lipo la tatu lililo kubwa kuliko hayo mawili, nalo ni hili: mwivi akija akaanza na kengele yenyewe kabla ya kugusa kufuli, itakuwaje?

Mwivi aijuaye kazi yake si mjinga. Akifahamu kwamba nyumba ina mlinzi, jambo lake la kwanza ni kumziba mlinzi kinywa. Basi kengele iliyo imara ni ile ambayo mwenye kuikata, au kuifunika, au kuifungua, huwa ndiye aliyeiliza. Nayo hayo hayaji kwa bahati. Mafundi wameyafikia hatua kwa hatua, na twaona yafaa kila mwenye nyumba ayafahamu, kwani hayana ugumu.

Tarehe 21 Juni, 1853, Augustus Russell Pope, mtu wa Somerville karibu na Boston huko Marekani, alipewa na serikali yake hati ya uvumbuzi wa kengele ya wevi iendeshwayo kwa umeme. Mwaka 1857 haki za hati hiyo zilinunuliwa na Edwin Holmes, naye mwaka 1859 akahamia New York kwenda kuifanyia biashara. Asili ya chombo ilikuwa nyepesi. Mlango au dirisha likifunguliwa, vipande viwili vya madini hugusana, umeme wa betri hupita katika waya, na nyundo hupiga kengele. Mlango ukiwa umefungwa, waya huwa hauna kitu ndani yake.

Ila ya mpango huo yaonekana mara moja. Ikiwa waya hauna umeme wakati wa amani, basi waya uliokatwa na waya uliotulia ni hali moja. Hapana awezaye kuvitenga. Mwivi akipata mkasi na nafasi ndogo tu, kengele imekufa, na mwenye nyumba amelala akidhani analindwa. Mtu huyo khatari yake ni kubwa kuliko ya asiye na kengele kabisa, maana yule wa pili angalau hulala macho.

Dawa iliyopatikana ilikuwa ni kuugeuza mpango wote. Umeme ukapitishwa katika waya saa zote, mchana na usiku, na kazi yake ikawa ni kuizuia kengele isilie. Mlango ukifunguliwa, umeme hukatika, kengele huachiliwa. Na waya ukikatwa kwa mkasi, umeme vile vile hukatika, na kengele vile vile huachiliwa. Hapo mkono wa mwivi ukawa sawa na mlango uliofunguliwa. Hii ndiyo kanuni kuu, nasi twaomba msomaji aishike, kwa kuwa yote yafuatayo ni matawi yake: kimya kisiwe dalili ya amani, amani iwe na neno lake linalosemwa daima, na neno hilo likikoma, iwe ndiyo khabari.

Wevi nao hawakukaa. Waliona kwamba ikiwa kukata waya kwaliza kengele, basi wasiukate. Waunganishe nyuzi mbili kabla ya kufika mlangoni, umeme uzunguke kwa njia ya mkato, kisha mlango ufunguliwe upendavyo. Ndipo mafundi wakatia mwishoni mwa waya, ndani kabisa ya kile chombo cha mlangoni, kipande kidogo kiitwacho rezista, ambacho kazi yake ni kuupunguza umeme kwa kipimo maalumu, mathalani omu 5,600. Mtambo mkuu haukai tena ukiuliza kama umeme wapita au haupiti. Huuliza wapita kwa kipimo gani. Ukikuta kizuizi kimezidi, waya umekatwa au mlango umefunguliwa. Ukikuta hakuna kizuizi chochote, nyuzi zimeunganishwa na mtu. Lakini tahadharini na fundi mvivu, ambaye huitia rezista hiyo ndani ya sanduku la mtambo mkuu badala ya kuipeleka mwisho wa waya, ili apunguze kazi. Hapo kengele hulia vizuri siku ya kujaribiwa, na mwenye nyumba hufurahi, na faida yote imekwisha potea.

Kadhalika swichi ya sumaku iwekwayo mlangoni. Sumaku hukaa kwenye ubao wa mlango na swichi kwenye fremu; zikiachana, kengele hulia. Mwivi aweza kuleta sumaku yake mwenyewe akaibandika karibu na swichi, ikadanganyika kwamba mlango umefungwa. Kwa hivyo mahali penye mali nyingi hutumiwa swichi iliyopimwa, ambayo hulia nguvu ya sumaku ikipungua, na hulia pia ikizidi.

Yapo tena masanduku yenyewe. Kila sanduku la kengele lililo zuri huwa na swichi ndogo chini ya kifuniko, na nyingine nyuma yake inayogusa ukuta, ili anayelifungua au kulibandua aliamshe. King'ora cha nje huwa na betri yake ndani; waya utokao kwenye mtambo hukiambia daima kinyamaze, na ukikatwa, kinalia kwa betri hiyo. Nasi tukaao katika miji ambamo umeme hukatika mara kwa mara, twajua kwamba mtambo usio na betri ni pambo la ukuta. Mwivi hahitaji ufundi wowote. Atangoja giza tu.

Lakini jambo linalosahauliwa zaidi ni saa za mchana. Wengi hudhani kengele huamka pale inapowashwa usiku. Swichi za masanduku na nyaya zote zapasa kuwa macho saa ishirini na nne, hata wakati ambapo milango iko wazi na watoto wanaingia na kutoka, kwa sababu chombo huharibiwa mchana ili mali iibwe usiku. Na anayekiharibu mchana ni nani? Ni mtu aliyeruhusiwa kuingia.

Mfano wake ulionekana mjini Antwerp, nchini Ubelgiji, katika jengo la wafanyabiashara wa almasi, siku za 15 na 16 Februari, 2003. Khazina ilikuwa chini ya ardhi, na ulinzi wake wa tabaka nyingi. Mkuu wa wevi hao, Leonardo Notarbartolo, mtu wa Italia, alikuwa amekodi ofisi katika jengo hilo hilo kwa muda wa zaidi ya miaka miwili, akijifanya mfanyabiashara wa almasi, akishuka khazinani kama mpangaji yeyote. Lile jicho la kuhisi joto na mwendo lilipulizwa dawa ya nywele ya wanawake, likapofuka. Vile vipande vya sumaku vya mlangoni havikutenganishwa. Vilifunguliwa pamoja na kuwekwa kando vikiwa vimekaribiana, na chombo kikaendelea kutoa ushahidi kwamba mlango umefungwa. Visanduku zaidi ya 100 vilivunjwa, na mali ikakisiwa kuwa zaidi ya dola milioni 100. Notarbartolo alifungwa miaka kumi, lakini sehemu kubwa ya mali haikuonekana. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana macho mazuri ya siku hizi hujichungua yenyewe, na likifunikwa kwa kitambaa au kupulizwa kitu, hutoa khabari saa ile ile, hata ikiwa ni mchana na kengele imezimwa.

Sasa tuingie katika kengele zisizo na waya, ambazo ndizo zinunuliwazo zaidi na watu wa majumbani kwa sababu ya wepesi wa kuziweka. Hizi husema kwa redio, na redio yaweza kuzibwa kwa redio nyingine yenye nguvu. Dawa yake ni ile kanuni yetu ya kwanza: kila chombo kipeleke salamu kwa mtambo mkuu kila baada ya muda mfupi, na salamu isipofika, mtambo ujue kuna jambo. Tena salamu hiyo iwe ya siri na ibadilike kila mara. Mwaka 2016 mtafiti mmoja huko Marekani alionyesha kwamba kengele ya aina moja iliyokuwa ikiuzwa sana ilipeleka maneno yake bila ya kufichwa; aliweza kuyanasa mwenye nyumba alipokuwa akiizima kengele, kisha akayarudisha baadaye kama yalivyo, nayo ikazimika. Kengele ya namna hiyo humtii yeyote aliyesikia neno la siri likitamkwa mara moja.

Mwisho wa yote ni mwanadamu, na hapa ndipo palipo na uzito wa maneno yetu. Katika mtaa wa masonara wa Hatton Garden, London, usiku wa kuamkia 3 Aprili, 2015, siku za Pasaka, wevi ambao wengi wao walikuwa wazee waliingia katika nyumba ya kuwekea amana. Walikata waya wa simu wa kengele na kuivunja antena yake. Hata hivyo khabari ilipenya ikafika kwenye kituo cha ulinzi baada ya saa sita ya usiku. Mlinzi alikuja, akautazama mlango wa mbele, akauona mzima, akarudi. Polisi nao walipewa khabari, wakaiandika kuwa haihitaji kwenda mtu. Wevi wakatoboa ukuta wa zege wa unene wa nusu mita. Wakakwama, wakaondoka, wakarudi usiku mwingine, na kuchukua mali ya paundi milioni 14 hivi. Kengele ilikuwa imefanya kazi yake mpaka pumzi ya mwisho.

Kwa nini watu hupuuza kengele? Kwa sababu imewachosha. Buibui akitembea mbele ya jicho hulia. Pazia likipeperushwa hulia. Betri ikidhoofika hulia. Na wapo wevi waitumiao hila hii kwa makusudi: hutikisa dirisha usiku mmoja wakajificha, na usiku wa pili, na wa tatu, mpaka mwenye nyumba akakasirika akaizima kwa mkono wake mwenyewe. Hapana ufundi wa waya uwezao kumzuia mtu asiizime kengele yake. Kwa hivyo kengele iliayo ovyo imekwisha haribiwa kabla mwivi hajafika, na kuitengeneza iache kulia ovyo ni sehemu ya kuikinga na wevi.

Basi, ndugu yetu, siku fundi atakapokuja kwako, mwulize haya mbele ya watu wa nyumbani. Waya huu ukikatwa, itakuwaje? Ukiunganishwa? Kifuniko hiki kikifunguliwa saa nne ya asubuhi? Umeme wa mjini ukizimwa? Kisha usitosheke na jawabu la mdomo. Mwambie afanye, nawe usikie kwa masikio yako. Badilisha neno la siri lililokuja na chombo kutoka dukani, na usimpe kila mfanyakazi apitaye. Jaribu kengele yako kila mwezi, na betri usiiache mpaka ife.

Na baada ya hayo yote, nenda kwa jirani yako wa kulia na wa kushoto, uwaambie: "Mkisikia sauti hii, tafadhalini mtoke mtazame, nasi tutafanya vivyo hivyo kwenu." Kisha itunze isiwasumbue bure, ili siku itakapolia kweli pasiwe na mtu wa kugeuka upande wa pili kitandani.