Si kila kijani cha Delta ni nyasi

Wasee, nitasema hili na wengine mtanuna. Zile video za droni mnazopiga mkivuka Garsen mkielekea Lamu, halafu mnaandika "nyasi mpaka macho yachoke", nyingi zinadanganya. Sisemi ni makusudi. Kutoka angani kila kitu ni kijani tu. Shida ni kwamba ukiandika nyasi, mtu wa mbali anasoma lishe. Kisha anakuja kwa komenti kuuliza, sasa hawa wafugaji na wakulima wa Tana River wanagombania nini na kuna malisho yote hayo?

Kabla mtu aniulize nina digrii ya mimea: sina. Chuo niliacha mwaka wa pili. Lakini kutofautisha majani ya kinamasi hakuhitaji digrii. Kunahitaji vidole na kuinama kidogo.

Anza na ile yenye kichwa cha kahawia, kama smoki kwenye kijiti. Hiyo inaitwa Typha, na ndiyo inapendeza sana kwa kamera. Majani yake ni marefu, bapa, yanatoka chini kabisa. Si nyasi hata kidogo. Ng'ombe anaweza kuonja majani machanga akibanwa na njaa, lakini kundi zima la ng'ombe haliponi kiangazi kwa Typha. Kando yake mara nyingi kuna matete. Ukiwa mbali utasema ni mmea mmoja. Sogea: tete lina pingili kama muwa, ndani ni wazi, na juu lina kishungi kinachopepea. Hiyo sasa ni nyasi kweli, ila ikikomaa inakuwa ngumu, afadhali ujengee ua.

Halafu kuna jamii ya ndago, ambayo ndiyo ndugu ya mafunjo mnayoona Kisumu. Hapa zungusha shina kati ya kidole gumba na cha shahada. Likiwa na kona tatu na halina pingili, hilo ni la ndago. Nyasi shina lake ni duara na majani yamepangwa pande mbili. Ndago majani yake yamepangwa pande tatu. Rahisi, sivyo? Basi kuna msaliti. Eleocharis ni ya jamii ya ndago lakini mashina ya aina nyingi ni duara, huoni majani, na kila shina lina kichwa kimoja juu kama njiti ya kiberiti. Watu wanaichanganya na Juncus, ambayo hapa Kenya utaikuta zaidi nyanda za juu kwenye baridi. Ukibisha, vuta kamera ya simu karibu na maua. La Juncus lina vijipetali sita, kama yungiyungi la wanasesere.

Sasa mnaniambia, bro, si yote ni magugu tu?

Muulize mkulima wa mpunga wa huku. Mche wa mpunga na mche wa Echinochloa colona vikiwa na wiki chache vinafanana vibaya sana. Tofauti iko pale jani linapoachana na shina: mpunga una kiulimi cheupe chembamba na visikio vidogo vyenye nywele, huyo mwingine hana kitu, pako laini kabisa. Anayepalilia asipojua hilo anang'oa chakula chake na kuachia gugu nafasi. Na bado kuna mpunga mwitu, ambao una kiulimi pia, kirefu hata, kwa hiyo huyo unamshika chini, kwenye vishina vinavyotambaa ardhini. Kina mama wanaopalilia wanafanya uchunguzi huu kwa mkono mmoja huku wanapiga stori. Sisi na simu za laki tunaandika "grass vibes".

Tena jambo lina uzito kuliko kapsheni. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa kwenye mapigano ya Tana. Sitasema chanzo kilikuwa majani. Kulikuwa na siasa, ardhi, na mengine mengi. Lakini maji na malisho ya kiangazi yalikuwa ndani ya ile kesi, na malisho ni mimea fulani, si kijani chochote. Vilevile, mwaka wa 2008 ulipoidhinishwa mpango wa miwa wa karibu hekta 20,000 hapa Delta, watu walilazimika kueleza kwamba hiyo "ardhi tupu" ina kazi. Utaelezaje kazi ya kitu ambacho jina lake hulijui?

Halafu tazameni Senegali. Bwawa la Diama lilipokamilika 1986, maji ya mto yakawa yametulia, ya chumvi yakazuiwa, na Typha ikatanda. Ikaziba mifereji ya mashamba na njia za wavuvi. Kwa droni ilionekana kijani kizuri tu. Sisi mto wetu tayari una mabwawa matano kule juu, kuanzia Masinga hadi Kiambere, na stori ya lingine la High Grand Falls haijaisha. Nyasi za malisho za Delta zinategemea mafuriko yanayokuja na kuondoka. Typha inapenda maji yasiyoondoka. Kwa hivyo, siku mkiona zile smoki zinaongezeka mahali palipokuwa malisho, hiyo ni habari, na mwenye kamera ndiye angefaa kuiona kwanza.

Ombi langu ni dogo. Ukipiga video Garsen, shuka kwenye pikipiki, kata shina moja, piga picha ya lile kata, uiweke mwisho wa klipu. Duara, kona tatu, wazi ndani, andika ulichoona. Na muulize kwanza mwenyeji ni wapi pa kukanyaga, maana mamba wa Tana hana habari una wafuasi wangapi.