Tuwafundishe Watoto Kuiuliza Mashine

Tulipata kumtembelea mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha huko Busunzu, katika nyanda za juu za Kibondo. Shule aliyopangiwa ilikuwa na kompyuta moja kuukuu yenye mfumo endeshi wa Linux, na humo ndimo zilimotunzwa alama za wanafunzi wa darasa la tano na la sita. Mwanachuo huyo alikuwa ameiagiza kompyuta inakili alama hizo kila Ijumaa katika folda aliyoiita "akiba", mahali alipokuwa ameipachika flashi. Kila Ijumaa kazi ilifanyika bila lawama yoyote. Diski ilipokufa, flashi ikafunguliwa, na ndani yake zikaonekana alama za miezi miwili nyuma tu. Mtu alikuwa ameichomoa kwenda kuchapishia mitihani Kibondo mjini, akairudisha mezani, wala hakuna aliyeipachika tena. Folda ya "akiba" ilikuwa imebaki palepale, tupu, na kompyuta ikaendelea kunakili ndani ya diski ileile iliyokuwa ikikaribia kufa.

Alama ziliandikwa upya kutoka katika madaftari ya watoto. Wale waliokuwa wamehama na madaftari yao walibaki bila alama za muhula ule.

Wako watakaosema kwamba kosa ni la aliyechomoa flashi. Sisi tunaona kosa ni letu wakufunzi. Mwanachuo yule aliweza kutueleza bila kusita maana ya mfumo wa mafaili, kwa maneno yaleyale tuliyomwandikia ubaoni. Hatukumfundisha kuiuliza mashine yenyewe: je, mahali hapa pamepachikwa nini? Swali hilo lina jibu. Flashi nyingi hutumia mfumo wa mafaili uitwao FAT, na diski ile ilitumia ext4. Laiti angaliuliza aina ya mfumo uliopo katika folda ya "akiba", angalijibiwa "ext4", na papo hapo angalijua kwamba flashi haipo.

Ndugu wanachuo, programu haiingii ghalani kujihesabia magunia. Hupiga hodi dirishani kwa mtunza ghala, yaani kiini cha mfumo endeshi, na hodi hiyo ndiyo iitwayo wito wa mfumo. Mojawapo ya miito hiyo ni statfs. Programu hutaja njia ya folda, kisha humpa mtunza ghala fomu tupu. Naye huijaza: aina ya mfumo, ukubwa wa kila kijisanduku cha hifadhi, idadi ya visanduku vyote, vilivyo wazi, na vile ambavyo mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kuvitumia. Mbali na fomu, hutoa jibu fupi: sifuri ikiwa mambo ni sawa, hasi moja ikiwa ameshindwa, na sababu ya kushindwa huandikwa kando. Anayesoma fomu bila kulitazama kwanza jibu hilo anaweza kusoma karatasi isiyojazwa akaiamini. Watu wazima wenye mishahara hulifanya kosa hilo.

Haya yote yanafundishika kwa mtoto wa darasa la tano bila kompyuta hata moja. Tumelijaribu somo hili kwa meza, kitambaa cha kufunika, maboksi na daftari la leja. Mtoto mmoja huketi nyuma ya meza akawa mtunza ghala. Wengine ni programu, na ni mwiko kuchungulia nyuma ya kitambaa. Kila mmoja huleta fomu yake tupu na kutaja ghala analoliulizia.

Hapo ndipo hesabu inapopata ladha. Ghala lina nafasi ya magunia 100, na 60 yamekwisha kuingizwa. Nafasi ngapi zimebaki? Darasa zima hupiga kelele: 40! Mtunza ghala anajibu kwamba zilizo wazi ni 40, lakini mwanakijiji atapewa 35, kwa kuwa nafasi 5 zimewekwa kwa ajili ya mtunza ghala mwenyewe, asije akakosa pa kuweka chake siku ghala linapojaa. Ndivyo ext4 inavyofanya isipobadilishwa: asilimia 5 huhifadhiwa kwa msimamizi. Watoto wa Buha hawahitaji maelezo marefu hapa, maana nyumbani kwao maharage ya mbegu hayahesabiwi kuwa chakula ijapokuwa yamo ndani. Kisha mwalimu achane kurasa za leja zibaki mbili. Magunia matatu yanaletwa, nafasi ipo, lakini la tatu haliandikiki na kwa hiyo halipokelewi. Kompyuta nayo hukataa faili jipya kwa sababu hiyohiyo: idadi ya mafaili inayoweza kuandikishwa imekwisha.

Yapo pia maswali ya ghala lipi na lipi yapo. Kwa miaka mingi programu za Linux zimekuwa zikisoma orodha nzima ya vilivyopachikwa, mfano wa tangazo refu lililobandikwa ukutani, kisha kuchambua mstari baada ya mstari hata kama linalotakiwa ni neno moja. Penye maelfu ya mistari kazi hiyo huchosha. Toleo la 6.8 la kiini cha Linux, lililotoka Machi 2024, lilileta miito miwili mipya: listmount, inayotoa namba za vilivyopachikwa, na statmount, inayoeleza habari za namba moja, tena zile tu zilizoombwa. Tangazo la ukutani halikuondolewa, na binadamu bado hulisoma. Lakini mwalimu atakayewapa nusu ya darasa tangazo la kunakili na nusu nyingine namba za kuulizia atayaona mwenyewe yatakayotokea kabla ya kengele kulia.

Wenzetu kadhaa wamepinga kwamba mambo haya ni ya mafundi wa vyuo vikuu. Tunawaheshimu, ila hatukubaliani nao. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule imjengee mtoto akili ya kudadisi, wala hakuiwekea akili hiyo mpaka kwenye mashine. Isitoshe, mashine zimekwisha kufika. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu, na kiini cha Android ni hichohicho cha Linux. Ukurasa wa mipangilio unaoonyesha hifadhi iliyobaki ni jibu lililotoka dirishani kwa mtunza ghala.

Mwanachuo wa Busunzu alimaliza mazoezi yake. Kabla ya kuondoka aliongeza mistari michache katika agizo lake la Ijumaa: kompyuta iulize kwanza aina ya mfumo uliopo katika "akiba", na isipoikuta FAT, isinakili kitu bali iandike kwa herufi kubwa, FLASHI IKO WAPI? Ijumaa ya kwanza maneno hayo yalitokea. Flashi ilikuwa mfukoni mwake.