MWAKA WA WANAKEMIA USIISHIE UKUMBINI

Kila mwaka uanzapo, vyama vya wanakemia hukaa kitako na kupanga shughuli za miezi kumi na miwili: mhadhara wa mgeni mashuhuri, mkutano mkuu, uchaguzi wa viongozi, ziara ya kiwandani, mashindano ya wanafunzi na karamu ya kufungia mwaka. Wapo hata wanaoisherehekea tarehe 23 Oktoba kwa heshima ya ile namba ndefu ya moli, kuanzia saa 12 na dakika 2 asubuhi hadi saa 12 na dakika 2 jioni. Hatuna ugomvi na mambo hayo. Wataalamu wasiokutana hudumaa, na mtu aliyesoma kwa taabu ana haki ya kufurahi pamoja na wenzake. Hata hivyo, kwa heshima zote wanazostahili wataalamu wetu, tunapenda kuuliza mwaka wa chama cha kemia hupimwa kwa kipimo gani. Je, ni kwa wingi wa mihadhara iliyoandikwa katika kumbukumbu za katibu, au ni kwa jambo alilolijua mwananchi wa kijijini mwezi wa Desemba ambalo hakulijua mwezi wa Januari?

Twauliza hivyo kwa sababu hapa Uganda tunayo kumbukumbu chungu. Mwezi wa Aprili mwaka 2010, katika wilaya ya Kabale kule kusini-magharibi, watu wapatao 80 walifariki katika muda wa majuma machache baada ya kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli. Hapakuwa na vita wala tauni. Ndugu zetu hao waliuawa na kitu ambacho mwanafunzi wa kemia wa sekondari hukiandikia fomula ubaoni, akapewa alama zake, akaendelea na swali la pili. Elimu hiyo ilikuwapo nchini tangu zamani, ila ilikuwa imekaa mbali na mahali ilipohitajika.

Yafaa tulifafanue jambo hili kwa kirefu, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kileo ambacho watu hunywa, kiwe bia, mvinyo au waragi, ni ethanoli. Methanoli ni ndugu yake wa karibu: haina rangi, huwaka moto, harufu yake haiachani sana na ya mwenzake, na mnywaji hawezi kuibagua kwa ulimi. Tofauti kubwa hutokea ndani ya mwili. Ini huigeuza methanoli kuwa fomaldehidi, kisha kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoshambulia mishipa ya fahamu ya macho na kuzinyima chembe za mwili uwezo wa kutumia oksijeni. Kazi hiyo huenda pole pole, mara nyingi kwa saa 12 hadi 24. Kwa hiyo mtu hunywa jioni, hulala, huamka akidhani ni uchovu wa kawaida wa pombe. Kichwa chauma, tumbo lasokota, macho yaona ukungu. Mililita 10 zaweza kumpofusha mtu, na mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa vya chakula, zaweza kumwua. Wazee walisema mwenye macho haambiwi tazama. Sumu hii huanza na macho yenyewe.

Mgonjwa akifikishwa hospitalini mapema, daktari aweza kumwokoa. Ipo dawa iitwayo fomepizoli, na pale isipopatikana madaktari hutumia ethanoli safi kwa kipimo maalumu, kwa kuwa ini huishughulikia ethanoli kwanza na kuiacha methanoli itoke mwilini bila kugeuzwa. Damu nayo yaweza kusafishwa kwa mashine. (Hii ni kazi ya daktari, si ya jirani mwenye chupa nyingine mkononi.) Lakini atafikishwa mapema na nani, ikiwa wote wanaomzunguka wanaamini kuwa huo ni ulevi tu na kwamba akilala utamtoka?

Kuna dhana nyingine iliyoenea, hata miongoni mwa wasomi, nayo ni kwamba mama anayepika waragi ya ndizi nyuma ya nyumba yake ndiye mzalishaji wa sumu hii. Wanakemia wanafahamu vyema zaidi. Ni kweli kwamba matunda yakichachuka hutoa methanoli kidogo, lakini kiasi hicho kwa kawaida hakitoshi kuangamiza kijiji. Vifo vya halaiki, kwetu na kwingineko duniani, kwa kawaida hutokana na mtu aliyechukua methanoli ya viwandani, ile itumiwayo kuyeyushia rangi na kutengenezea bidhaa nyingine, akaimimina katika pipa la kileo ili azidishe faida yake. Mtu huyo mara nyingi haishi kijijini, na hanywi anachokiuza. Tofauti hii yaamua ni nani atakayekamatwa. Ikiwa dola litavunja vyungu vya mama mjane na kumwacha mwenye pipa aendelee na safari yake, basi tutakuwa tumemwadhibu anayesomesha watoto na kumlinda anayewaua.

Sheria tumekuwa nazo. Tangu miaka ya 1960 iko sheria ya kudhibiti upikaji wa enguli, na mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku pombe kali za vifuko vya nailoni. Hatua hizo ni za haki nasi tunaziunga mkono. Lakini askari wa doria akishika chupa ya kioevu kisicho na rangi hana macho ya kuona kilichomo. Maabara Kuu ya Serikali ya uchunguzi iko Wandegeya, mjini Kampala, na kutoka Kabale hadi Kampala ni mwendo wa takriban kilomita 400. Katika muda wa kuifunga sampuli, kuisafirisha, kuipanga foleni na kuurudisha mjibu, pipa limekwisha kunywewa.

Hapo ndipo tunapokiona chama cha kemia cha mkoani, chenye walimu wake wa sekondari, mafundi wa maabara za hospitali na wahadhiri wa vyuo vikuu vya Mbarara, Gulu na Kabale kwenyewe. Kipo kipimo cha rangi ambacho wanakemia wamekitumia kwa miaka mingi: sampuli hutiwa pamanganeti ya potasiamu ili methanoli igeuke fomaldehidi, kisha huongezwa asidi ya kromotropiki pamoja na asidi kali ya salfuriki, na rangi ya zambarau ikijitokeza onyo limepatikana. Kazi hiyo yataka mikono iliyofundishwa, kwani asidi kali haina mchezo, na hatupendekezi ifanywe sokoni. Lakini haihitaji mashine ya mamilioni. Maabara ya shule yenye mwalimu makini yaweza kutoa onyo la kwanza siku ile ile, huku Wandegeya ikingojewa kwa uthibitisho.

Miezi tisa baada ya misiba ya Kabale, dunia iliingia katika mwaka uliotengwa kwa ajili ya kemia. Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio hilo mwezi wa Desemba mwaka 2008, na inafaa ifahamike kwamba nchi iliyoiwasilisha rasimu yake ni Ethiopia, jirani yetu wa Afrika. Mwaka 2011 ulichaguliwa kwa kuwa ulitimiza miaka 100 tangu Marie Curie apate Tuzo ya Nobel ya kemia, baada ya ile ya fizikia aliyoshiriki mwaka 1903. Sherehe zilifunguliwa Paris mwezi wa Januari na kufungwa Brussels tarehe 1 Desemba. Hotuba zilikuwa nyingi, kama ilivyo desturi.

Jambo lililostahili sifa zaidi lilikuwa la watoto wa shule. Katika jaribio moja la dunia nzima kuhusu maji, wanafunzi wa nchi mbalimbali walialikwa kupima uchungu wa asidi katika maji ya kwao, kupima chumvi yake, kuyasafisha, na kutengeneza chombo cha kuvukiza maji kwa joto la jua na kuyakusanya tena yakiwa safi. Vifaa vyake vilikuwa vya bei ndogo: karatasi ya nailoni, bakuli, kikombe na jua la bure. Tunaposoma habari za chombo hicho cha jua tunatabasamu, kwa sababu mtoto wa mama mpika waragi amekiona tangu utotoni. Anajua kuwa mvuke hupanda, hupita katika mwanzi au bomba la shaba lililozama katika maji baridi, hudondoka ukiwa kioevu. Anajua kwamba moto ukizidi kazi huharibika. Huyo akiingia darasani na kuambiwa kuwa ukenekaji ni somo gumu la Wazungu, kosa ni la nani?

Katika mwaka huo huo, tarehe 18 Januari 2011, wanawake wanakemia wa nchi nyingi walikutana kwa kifungua kinywa, kila kundi mahali pake, ili kuunganisha mikono kuvuka mipaka. Desturi hiyo ilifufuliwa mwaka 2019 na hufanyika mwezi wa Februari. Tunatoa rai kwa heshima kwamba meza hiyo, inapoandaliwa huku kwetu, iwe na viti vya akina mama wapika waragi. Wao nao ni watenganishaji wa vioevu kwa kazi yao. Wakijua kwamba kileo chao hakipaswi kuongezwa kitu chochote kutoka katika pipa la mgeni, na wakijua dalili za yule aliyekwisha kunywa, watakuwa walinzi wa kijiji kuliko kituo chochote cha ukaguzi barabarani.

Sisi tuliopitia mafunzo ya ukadeti tulikutana na kemia kwa njia mbili, na zote mbili zilikuwa klorini. Kwanza tulifundishwa kutia kidonge katika chupa ya maji na kungoja nusu saa kabla ya kunywa, hata kama kiu imetukaba, kwa sababu kuhara kumeangusha vikosi vingi pasipo risasi kufyatuliwa. Pili tulifundishwa habari za Ypres, nchini Ubelgiji, ambako tarehe 22 Aprili 1915 jeshi la Ujerumani liliachia zaidi ya tani 150 za gesi ya klorini kuelekea mahandaki ya adui. Miongoni mwa waliosimamia kazi ile alikuwa mwanakemia Fritz Haber, yule yule aliyebuni njia ya kutengeneza amonia kwa naitrojeni ya hewani, ambayo mbolea yake hulisha sehemu kubwa ya dunia hadi leo. Silaha hizo sasa zimeharamishwa na mkataba ulioanza kutumika mwaka 1997, na shirika linalousimamia lilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2013. Twayataja haya ili msomaji asidhani kwamba kemia ni mambo ya wenye makoti meupe peke yao. Kambi zetu nazo zimezungukwa na vilabu vya pombe, na askari ni mnywaji kama raia.

Kuhusu zebaki katika machimbo ya dhahabu, kule Busia na kwingineko, tutasema machache, kwani yastahili makala yake. Mchimbaji huichoma zebaki katika kikaango cha wazi ili dhahabu ibaki, na mvuke wake huingia katika mapafu yake na ya mtoto aliyebebwa mgongoni. Kifaa cha chuma chenye kifuniko na bomba huukamata mvuke huo na kumrudishia zebaki yake aitumie tena. Ni kanuni ile ile ya chungu cha waragi. Chama cha kemia kikipeleka kifaa hicho machimboni siku moja ya soko, kitakuwa kimefanya kazi ya mihadhara mitatu.

Hatuwasahau wataalamu wanaolalamika kwamba hawana vyombo. Malalamiko yao ni ya kweli. Mashine itenganishayo gesi, ambayo hubainisha methanoli pasipo shaka, ni ghali, na iliyopo yaweza kukaa kimya kwa kukosa gesi au fundi. Wenzetu wa Kenya, katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, wamekuwa wakitoa mafunzo ya kutumia mashine za namna hiyo kwa wanasayansi wa Afrika. Kijana mmoja wa kila mkoa akipelekwa huko kwa fedha za karamu moja ya mwisho wa mwaka, hatudhani kuna mwanachama atakayelala njaa.

Basi tunawaomba viongozi wa vyama vya kemia, watakapoandika ratiba ya mwaka ujao, waanze na mwezi wa Novemba, wala wasianze na Januari. Mwezi huo watu huanza kuweka akiba ya kileo kwa ajili ya Krismasi, na wafanyabiashara wa mapipa hulijua hilo. Tangazo la nusu ukurasa juu ya methanoli, kwa Rukiga, Luganda, Luo, Ateso na Kiswahili, likisomwa kanisani, msikitini na katika redio za mikoani, na majina ya walimu watakaopokea chupa za kupimwa katika kila wilaya, yatosha kwa hatua ya kwanza. Kurasa hizi ziko wazi kulichapisha tangazo hilo siku litakapoletwa.