Pori la Upemba si nchi tupu

Wandugu wa Kampemba, nanyi wa kambi za shaba, tunasikia watu mjini wakisema kwamba nyanda za Kibara, ndani ya Parke ya Upemba, ni nchi tupu: nyasi na upepo, basi. Wanauliza kwa nini zisichimbwe, au zisigawanywe mashamba.

Neno hilo "tupu" sisi hatulikubali. Kule juu miti ni michache, nyasi zinakwenda mpaka macho yanachoka, na mwezi wa saba baridi yake inashinda ya hapa. Huko wanakaa punda milia wa mwisho wa Kongo yetu. Wakiisha hapo, watoto wetu watawaona katika picha tu. Tena vijito vya nyanda hizo vinashuka mpaka Lufira na Lualaba, kwenye maziwa wanakotoka samaki wa Bukama tunaowala na bukari.

Wengine wanasema parke ni jambo la wazungu. Kweli, iliwekwa mwaka 1939 kwa amri ya kikoloni, hekta 1,773,000, si kwa baraza la wenye vijiji. Mwaka 1957 ikapunguzwa mpaka 1,173,000, tena kwa kalamu ya ofisini. Lakini punda milia hakuja na meli ya Wabelgiji.

Sasa kuna mpango wa bwawa la umeme pale Sombwe, katika mto Lufira, megawati zaidi ya 150, kwa ajili ya migodi. Jambo hili linatugusa sisi makarani na wachimbaji, maana mashini zikisimama, mshahara nao unasimama. Hatuukatai umeme. Ila Lufira imekwisha kutoa: Mwadingusha tangu 1930, Koni tangu 1950. Na hata leo nyumba ngapi za Kampemba zinalala gizani, mama wanapika kwa makala, na nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda kwenye mashini?

Sombwe iko kati ya Upemba na Kundelungu, penye njia ya wanyama. Kwa hiyo tunadai: hesabu za bwawa zisomwe hadharani, kwa Kiswahili, wakubwa wa vijiji vya Mitwaba waitwe kabla ya kutia sahihi, si baadaye, vijana wao waandikwe kazi ya ulinzi na walipwe kila mwezi, na nyanda za juu zibaki wazi, bila ua, bila malori.

Anayepinga aandike. Ukurasa huu unamngojea.