Sindano ya Chembe Sahani: Mgonjwa Atarajie Nini?

Kata ya Kalangalala, mjini Geita, imo katika ukanda wa dhahabu, ambako riziki ya watu wengi hutegemea mabega, mgongo na magoti. Mchimbaji mdogo hushuka katika duara na kupanda, hubeba mifuko ya mawe, na huinama kutwa akiyagonga. Kwa mtu wa namna hiyo, habari ya tiba mpya ya maumivu ni habari ya chakula cha watoto wake. Miongoni mwa tiba hizo ni sindano ya utegili wenye chembe sahani nyingi, inayotangazwa siku hizi hata katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki. Kabla ya kuilipia, yafaa mgonjwa aulize swali moja: imelinganishwa na nini?

Jinsi inavyotayarishwa si fumbo kwa mtu aujuaye mwalo wa kuoshea dhahabu. Mwaloni, mchanga uliosagwa humiminwa pamoja na maji juu ya ubao ulioinamishwa; dhahabu, kwa uzito wake, hutuama, na mchanga mwepesi huchukuliwa na maji. Vivyo hivyo, damu kidogo ya mgonjwa hutiwa katika mashine izungukayo kwa kasi. Chembe nyekundu, zilizo nzito zaidi, hukaa chini. Juu hubaki utegili, yaani majimaji ya damu yenye rangi ya manjano, pamoja na chembe sahani. Sehemu yenye chembe hizo nyingi ndiyo inayodungwa mahali penye maumivu.

Chembe sahani zilielezwa na Giulio Bizzozero wa Italia mwaka 1882. Hazina kiini, na huishi siku 7 hadi 10 tu. Katika milimita moja ya ujazo ya damu ya mtu mwenye afya zimo kati ya 150,000 na 450,000. Huziba jeraha, kisha hutoa protini ziziitazo seli nyingine kuja kujenga upya. Ndipo likazuka wazo: ikiwa chembe chache huanzisha uponyaji, bila shaka nyingi zitauharakisha.

Wazo hilo ni zuri, lakini wazo zuri si ushahidi. Nchini Australia watu 288 wenye magoti yaliyolika waligawanywa kwa kura. Wengine walidungwa utegili, wengine maji ya chumvi yaliyotakaswa, nao hawakujua wamepata kipi. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Baada ya miezi 12, katika kipimo cha alama 0 hadi 10, maumivu yalipungua kwa alama 2.1 kwa waliopata utegili na 1.8 kwa waliopata maji ya chumvi. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kutegemewa. Gegedu la goti nalo halikunusurika zaidi. Mwaka huohuo, jaribio la Uingereza kwa watu 240 wenye maumivu ya kano ya kisigino lilionyesha kwamba baada ya miezi 6 sindano hiyo haikuishinda sindano ya uongo.

Yafaa izingatiwe kwamba makundi yote mawili ya Australia yalipata nafuu. Mtu huenda kutibiwa maumivu yakiwa yamezidi, na maumivu yaliyozidi mara nyingi hupungua yenyewe. Matumaini na mapumziko nayo huchangia. Kwa hiyo ushuhuda wa jirani aliyedungwa akapona, hata ukiwa wa kweli, hautoshi. Yapo majaribio mengine yaliyoona faida, lakini mengi yalikuwa madogo, na namna za kutayarisha utegili hutofautiana.

Basi, mgonjwa atarajie nini? Atarajie maumivu ya siku chache mahali palipodungwa. Asitarajie gegedu jipya. Kwa kuwa damu ni yake, si rahisi mwili kuikataa. Lakini vifaa visivyotakaswa vyaweza kuingiza homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Mwenye mfupa uliovunjika, au maumivu ya mgongo yanayofuatana na ganzi ya miguu au kushindwa kuzuia mkojo, aende hospitali mara moja. Kwa goti lililolika, mazoezi ya kuimarisha misuli na kupunguza mzigo yana ushahidi ulio thabiti zaidi, na gharama yake ni ndogo.

Hapa walimu wa sayansi wana kazi kubwa. Mwanafunzi apandaye mistari miwili ya maharage, mmoja wenye mbolea na mwingine usio nayo, tayari anayo silaha ya kuzipima tiba zinazotangazwa. Hapana budi afundishwe kwamba mstari ule usio na mbolea ndio unaosema kweli, na kwamba anayeuza tiba bila kuuonyesha anauza matumaini. Mfuko wa fedha uliochumwa duarani kwa jasho hauna budi kulindwa kwa swali hilo.