Ankara ya Maji kwa Nyumba Isiyo na Mtu

Mwezi Mei 2020, Zambia ilipoufunga kwa muda mpaka wa Nakonde kwa sababu ya UVIKO-19, Tunduma ilionja jinsi riziki yake inavyotegemea lango moja. Biashara ya mpakani ikipungua, chumba cha kupangisha huwa cha kwanza kubaki na kufuli. Mpangaji anaondoka, ankara ya maji inaendelea kuja.

Tumfikirie mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba vinne, vitatu vikiwa vitupu. Je, ni haki adaiwe?

Haki ya kwanza ni ukweli wa dira. Maji ambayo hayakupita hayadaiwi. Mara nyingi shida huanza pale msomaji wa dira anapokuta geti limefungwa, na ankara ikaandaliwa kwa makadirio ya miezi iliyopita, nyumba ilipokuwa imejaa watu. Kukadiria si wizi, lakini dira ikishasomwa, tofauti lazima irekebishwe. Kwa upande mwingine, bomba likivuja baada ya dira, hasara ni ya mwenye nyumba. Nakiri kwamba nyumba ya katekista katika kigango chetu kimoja ilikaa miezi kadhaa bila mtu; hakuna aliyefunga koki, nasi tukalipia maji yaliyonyweshwa ardhi. Kosa lilikuwa letu.

Kuomba nyumba zote tupu zisamehewe ni jambo jingine. Pampu hutumia umeme, maji hutiwa dawa, mafundi hulipwa, hata mji ukipoa. Bei za maji zinazoidhinishwa na EWURA hulenga kufidia gharama hizo. Mmoja akisamehewe bila fidia, mzigo humwangukia jirani, pengine yule anunuaye maji kwa ndoo kwa kuwa hana bomba kabisa. Mwaka 2020 Serikali ya Ghana ilitangaza kubeba ankara za maji za wananchi kwa miezi mitatu kuanzia Aprili. Huo ulikuwa msamaha uliolipiwa na hazina ya taifa, wala haukuachiwa majirani.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, namba 30, alifundisha kwamba kupata maji safi na salama ni haki ya msingi ya binadamu. Haki hiyo ni ya mtu. Jengo halina kiu. Kwa hiyo mjane wetu asaidiwe kwa sababu ya uhitaji wake, kwa mfano kwa kuruhusiwa kulipa deni kidogo kidogo, na tajiri mwenye maghorofa matupu asijifiche nyuma ya shida yake. Wala mwenye nyumba aliyekwisha kupokea fedha ya maji kutoka kwa wapangaji asidai unafuu kwa deni la wakati ule.

Mpangaji akihama, someni dira mkiwa pamoja, mpige picha, mfunge koki, kisha mwenye nyumba aiandikie mamlaka ya maji. Akitaka huduma isitishwe kwa muda, aulize mapema gharama ya kurudishiwa. Malalamiko yaanzie kwa mamlaka yenyewe. Yasiposikilizwa, yapelekwe EWURA, akiwa na nakala ya barua yake mkononi.